Kuutembea Mji wa Kale wa Mombasa kwa Mguu wa Mwenyeji



Kila mwaka kijitabu hiki huwa na hesabu ya fedha, majina ya ndugu zetu waliofariki, na taarifa ya Katibu. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza niongeze kurasa chache za historia juu ya mji huu tunaokaa. Nimekubali kwa hofu, maana mimi ni karani tu, wala si mwanachuoni. Tena nakiri mbele yenu kwamba katika jambo hili nilikuwa mjinga kuliko wengi wenu.

Kilichonifungua macho ni aibu. Baba yangu mdogo alishuka kutoka bara kuja kututazama, naye hakuwa amepata kuiona bahari. Nikamchukua siku ya Jumamosi nimwonyeshe mji. Nikampeleka kwenye zile pembe kubwa za barabara ya Moi, nikampeleka Likoni akaone kivuko, kisha tukasimama mbele ya Ngome. Akaitazama kuta zake kwa muda mrefu, akaniuliza, “Ngome hii aliijenga nani, naye alikuwa akimwogopa nani?” La kwanza nilijibu: Wareno. La pili sikuwa na jibu. Jioni, tulipokuwa tukila, akasema kwa upole, “Mwanangu, umekaa miaka kumi na miwili katika nyumba ya mtu, na hata jina lake hujamwuliza.”

Neno hilo lilinichoma, hasa kwa kuwa lilisemwa mwaka ule ule ambao mkutano wetu mkuu ulibishana mpaka usiku. Mnakumbuka ubishi ulikuwa juu ya nini: je, Chama kiendelee kutoa fedha ya kusafirisha maiti ya kila mwanachama mpaka bara, au kitafute mahali pa kuzikia hapa hapa? Wazee wengine walisema, “Sisi hapa ni wageni, na mgeni huzikwa kwao.” Vijana waliozaliwa Majengo na Changamwe wakajibu, “Sisi kwetu ni hapa, hatupajui pengine.” Sina cheo cha kuukata ubishi huo. Lakini nilitamani kujua jambo lililo chini yake, yaani, mwenyeji wa Mombasa ni nani? Basi nikaenda kuuliza.

MWANZO WA SAFARI NI SALAMU

Ofisini mwetu yumo rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale. Alinipeleka kwa babu yake, mzee wa miaka mingi, ambaye hakupenda jina lake liandikwe. Nilimkuta ameketi barazani mbele ya nyumba yake. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Mara nikatoa daftari na kalamu, nikaanza kumwuliza miaka na majina. Akacheka.

“Ndoo mwanangu, kaa kitako,” akasema. “Daftari litie mfukoni kwanza. Mji huu hautembelewi kwa miguu, hutembelewa kwa salamu. Apitaye hapa asisalimu, hata akipita miaka mia, ni mpita njia.”

Tukaondoka polepole, yeye na mkongojo wake, mimi nyuma yake. Nikaona kwamba hakupita baraza hata moja bila kusimama. Aliuliza habari ya mgonjwa, akatoa pole ya msiba, akampa mkono fundi seremala. Mwendo ambao mimi ningeumaliza kwa dakika kumi ulituchukua saa nzima. Hapo mwanzo niliona wakati unapotea. Baadaye nikatambua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Mzee akanifunza na adabu nyingine: usichungulie mlango ulio wazi, bali piga hodi, usiingie msikitini bila kuomba ruhusa, wala na viatu, usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na ukikaribishwa kikombe cha kahawa, usikikatae.

NGOME

Tulianza kwenye Ngome, maana nilitaka jibu la Baba mdogo.

Vasco da Gama alifika mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, asipatane na wenyeji, akaenda zake Malindi alikopokewa vizuri. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakaupiga mji, wakauteka nyara na kuuchoma moto. Mwaka 1529 ukachomwa tena. Kila mara wenyeji walirudi, wakajenga juu ya majivu. Baada ya mwaka 1580 na kitu, Waturuki walikuja na merikebu zao kusaidiana na miji ya pwani dhidi ya Wareno. Mwaka 1589 Wareno waliwapiga Waturuki hapa Mombasa, na wakati huo huo Wazimba waliokuwa wametoka kusini wakivamia miji wakauingia mji wakaua watu wengi. Ndipo Wareno walipoazimia kukaa kabisa. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na mfalme wa Malindi aliyekuwa rafiki yao wakamleta kuwa mfalme wa Mombasa.

Basi jibu la Baba mdogo ni hili: walimwogopa Mturuki mbele yao baharini, na walimwogopa mwenye mji mgongoni mwao. Upande mmoja wa Ngome watazama bahari, na upande wa pili watazama mji.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu, nayo yaonekana katika habari za Yusuf bin Hassan. Baba yake, Mfalme Hassan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno aliokosana nao. Mtoto akachukuliwa Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Jeronimo, akaoa huko, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti 1631 akaingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni wa Wareno, akarudi katika dini ya baba zake. Wareno wengi waliuawa, na pamoja nao Wakristo wenyeji, Waafrika kwa Waswahili, waliokataa kuiacha imani yao. Mwaka uliofuata Yusuf akauacha mji, akawa mtu wa baharini mpaka kufa kwake mwaka 1638. Mimi niliyesomeshwa na wamisheni siwezi kuyasoma mauaji hayo bila huzuni. Wala siwezi kusahau kwamba alianza kama mtoto yatima aliyetwaliwa kwao akapewa jina la watu wengine.

Kisha ukaja ule mzingiro mkubwa wa Waarabu wa Omani, ulioanza mwezi wa Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 1697, wakubwa wa Kireno walipokwisha kufa, Ngome ilishikwa na Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wachache, wanaume na wanawake, mpaka msaada ulipofika. Nilipomsimulia mzee habari hiyo niliyoisoma, akatikisa kichwa, akasema, “Ukuta ni wa Mreno, lakini aliyeushika ni Mfaza.”

Tangu mwaka 1895 Ngome ikawa gereza la Serikali, mpaka mwaka 1958. Baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Wanachama wenzangu, twapita mbele yake kila wiki. Na tuingie siku moja, pamoja na watoto wetu.

NDIA KUU NA BANDARI YA KALE

Kutoka Ngomeni tulishika Ndia Kuu. Hivyo ndivyo Kimvita husema, “ndia”, pale ambapo sisi tuliofundishwa Kiswahili cha shule twasema “njia”. Wakati mmoja nilidhani ni kosa la mwandika vibao! Njia yenyewe ni nyembamba, na nyumba zimekaribiana hata kivuli cha moja hukaa juu ya nyingine. Milango ni ya mbao iliyonakshiwa, na juu zatokeza roshani za mbao, kazi ya mafundi ambao wengi wao walitoka Bara Hindi. Mzee alinionya nisitazame juu tu kama watalii. “Tazama na chini,” akasema, “uone baraza. Nyumba isiyo na baraza haina mdomo.”

Karibu na bahari ipo nyumba iitwayo Leven, na ngazi zishukazo majini. Jina hilo latokana na merikebu ya Kapteni Owen, Mwingereza, aliyefika mwaka 1824. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Wamazrui, ambao walikuwa wameteremka kutoka Omani kuwa maliwali, kisha wakajitenga na Omani wakatawala wenyewe. Waliomba bendera ya Waingereza iwakinge na Sayyid Said. Bendera ilipandishwa mwaka 1824, ikateremshwa mwaka 1826, na mwaka 1837 Sayyid Said akaupata mji. Ndizo zama za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, ambaye tungo zake zilikuwa silaha ya mji katika ugomvi huo. Makaburi ya Wamazrui yako karibu na Ngome mpaka leo.

Hatimaye tukatokea Bandari ya Kale. Hapa ndipo lilipokuwa lango la Mombasa kabla ya magati ya Kilindini kujengwa katika miaka ya 1920. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, chumvi, ng'onda na mazulia. Mabaharia wakakaa wakingoja upepo wa kusi, ndipo warudi na boriti za mikoko na bidhaa za bara. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyofanya mji. Mtu aliyekuja kuuza tende alipanga chumba, akajifunza lugha, akaoa, akazaa. Wengine upepo wa kusi ulivuma wala hawakuondoka.

Lakini mzee hakunificha upande wa pili. Katika bandari za pwani hii walipita pia watu waliofungwa. Mashamba ya bara ya karibu na kazi za nyumba nyingi za mjini zilifanywa na watumwa, nao utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. “Hao nao ni wazee wa mji,” akasema. “Hawakuja kwa kupenda, wala hatuwataji barazani. Lakini wajukuu wao ndio sisi sote.” Nilipomtazama, aligeuza uso akawa anatazama maji.

MSIKITI NA KISIMA

Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe mnene kwa chini na mwembamba kwa juu, husemwa kwamba ulijengwa mwaka 1570. Mbele yake kipo kisima. Mzee alipakata mkongojo akaketi karibu nacho.

Hapo nilikumbuka habari niliyoisoma ya msafiri Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331. Alisema kwamba kisiwa kilikuwa na ndizi na malimau, lakini nafaka hailimwi, bali huletwa kutoka pwani ya pili. Akasema watu ni wacha Mungu, na misikiti yao imejengwa vizuri kwa mbao. Na katika kila mlango wa msikiti akaona kisima kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini mrefu ya kuchotea maji, na mtu huosha miguu kabla ya kuingia.

Tazameni, wazee, mambo mawili katika maneno ya mgeni huyo wa usiku mmoja. La kwanza, tangu wakati ule Mombasa haikuweza kujilisha. Chakula chake kilitoka ng'ambo, kikilimwa na watu wa bara, na kama watu wa bara wakigombana na kisiwa, kisiwa kilikuwa na njaa. La pili, kisima kiliwekwa mlangoni, sio uani. Maji yaliyo uani ni ya mwenye nyumba; maji yaliyo mlangoni ni ya kila afikaye.

MATAIFA KUMI NA MAWILI

Tulipumzika katika baraza ya kahawa. Muuzaji alishika dele kwa mkono mmoja na vikombe kwa mkono wa pili, akivigonganisha. Nikanywa kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha nikauliza swali lililonileta: mwenyeji wa Mombasa ni nani?

Wazee waliokuwapo wakaanza kuhesabu kwa vidole. Wenye mji, wakasema, ni Mataifa Kumi na Mawili. Kwanza Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Kisha Thalatha Taifa: Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila taifa lilikuwa na wazee wake. Tena Tisa Taifa walikuwa na mkubwa wao aitwaye tamimu, na Thalatha Taifa walikuwa na wao.

Niliyarudia majina hayo polepole, na ghafla nikayaelewa. Hayo ni majina ya miji! Mpate ni mtu aliyetoka Pate, Mfaza alitoka Faza, na Shaka ulikuwa mji wa kaskazini. Mtwapa na Kilifi ni miji ambayo magofu yake twayapita tukienda Malindi. Wakilindini nao walikaa upande wa magharibi wa kisiwa kabla ya kusogea karibu na Mji wa Kale. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wenye mji, isipokuwa wachache, walikuja Mombasa kama tulivyokuja sisi. Wengine walikimbia vita, wengine ukame, wengine walifuata biashara. Hawakuliacha jina la kwao. Mshaka aliitwa Mshaka hata baada ya Shaka wenyewe kuwa gofu. Lakini walikaa pamoja, wakawa na wazee, wakazikana, wakaozana, wakachanga mji ulipohitaji mchango, wakapigana mji uliposhambuliwa.

Ndugu zangu, je, hamwoni kwamba hivyo ni vyama vya maslahi? Sisi twadhani tulianza jambo jipya tulipoandikisha Chama chetu na kununua daftari la michango. Wapate na Wafaza walikuwa wamelifanya katika mitaa hii hii kabla ya reli, kabla ya Waingereza.

Tusidhani kwamba walipatana kila siku. Tisa Taifa na Thalatha Taifa walishindana, na watawala wa kigeni walijua kuitumia fitina yao. Wala hawakukaa kisiwani kama kisiwa. Walifungamana na Mijikenda, wakina Digo na Duruma, Rabai na Giriama na wenzao, ambao pembe na sandarusi na nafaka zilipita mikononi mwao. Wazee wa Mijikenda walipoingia mjini walipokewa kwa heshima na kupewa zawadi za nguo. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba pwani na bara ni watu wawili wasiojuana, huyo haijui pwani wala bara.

NG'AMBO YA KISAUNI

Jumapili iliyofuata nilivuka daraja la Nyali peke yangu, maana mzee alikuwa amechoka. Nilitaka kuona mlango ambao dini yangu na shule yangu viliingilia.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Haikupita miezi mingi, Rosina akafa mwezi wa Julai kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya mji, na kaburi liko mpaka leo. Krapf angaliweza kurudi kwao. Hakurudi, bali alivuka mwaka 1846 kwenda Rabai na mwenzake Rebmann. Jambo ambalo shuleni hatukuambiwa ni kwamba alipoanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka ule ule wa 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Basi neno la Biblia katika lugha tunayosali nayo lilipita kwanza katika kinywa cha Mwislamu mwenye elimu, aliyemkubali mgeni wa dini nyingine aketi naye.

Mwaka 1875 wamisheni waliwajengea watumwa waliookolewa baharini makao hapo Kisauni, yakaitwa Freretown. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine, na viongozi wao wa kwanza walikuwamo Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, walioitwa Wabombei. Hakuna aliyeweza kuwarudisha kwao, maana wengine walichukuliwa watoto wasijue hata jina la kijiji. Kengele yao bado yaning'inia kando ya njia panda, na mahali hapo matwana yote huita Kengeleni. Nimeshuka hapo mara mia nikibadili gari, nisijue kwamba nashuka mlangoni pa watu ambao hawakuwa na pa kuzikwa ila hapa.

NA SISI JE?

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Nyanza mwaka 1901. Njia iliyowapeleka Wazungu juu ndiyo iliyowateremsha baba zetu chini. Walikuja kupakia na kupakua mizigo Kilindini, wakakaa Majengo katika nyumba za Waswahili zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba mara nyingi hakuwa na ardhi. Alimlipa mwenye kiwanja kodi, na mpangaji akamlipa yeye. Hiyo ndiyo habari ya “nyumba bila ardhi”, ambayo imewaumiza Mswahili na mtu wa bara pamoja.

Januari 1947 wafanya kazi kwa maelfu waligoma mjini mzima kwa siku karibu kumi na mbili, wakikutana katika uwanja wa Kiembeni. Kiongozi aliyetokea, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa mbali. Waliogoma hawakuwa kabila moja wala dini moja. Kwa siku hizo Mombasa ilikuwa na taifa la kumi na tatu, nalo lilikuwa taifa la wachukuzi.

Lakini nitakuwa mwongo nikinyamaza juu ya Agosti 1997, pale Likoni na sehemu nyingine za pwani zilipovamiwa, watu wa bara wakauawa na kufukuzwa, na nyumba zikachomwa. Wako kati yenu waliolala kanisani na watoto siku hizo. Walioandaa maovu hayo walitumia neno moja tu, “wageni”, nalo likatosha kuwasha moto. Wapo pia waliofichwa na majirani zao Waswahili na Wadigo chini ya vitanda vyao. Nimewauliza watatu wa watu hao kwa nini walifichwa. Kila mmoja alinijibu kwa namna yake, lakini jibu lilikuwa moja: “Tulikuwa tukijuana. Tulikuwa tukizikana.” Hakuna aliyesema, “Kwa sababu nilikuwa na hati.”

Kwa hiyo sasa najibu swali langu kama nilivyofundishwa barazani. Mwenyeji si yule aliyetangulia kufika, maana karibu kila mtu hapa alifika. Wala si lazima aliache jina la kwao. Mwenyeji ni yule anayejua mji umempa nini, naye akatimiza wajibu wake kwa mji: akasalimu, akazika jirani, akatunza kisima kilicho mlangoni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumepita siku ya tatu zamani sana. Jembe liko wapi?

MAOMBI KWA HALMASHAURI

Kwa unyenyekevu naleta maombi matatu.

La kwanza, kila Desemba, shule zikifungwa, Chama kiwachukue watoto wetu watembee Mji wa Kale kwa mguu, wakiongozwa na mzee mwenyeji, naye apewe heshima yake.

La pili, Katibu afungue daftari la wazee wetu: nani alifika mwaka gani, alikaa kwa nani, na nani alimpa kazi ya kwanza. Wazee hao wanapungua, na daftari la michango halisemi habari hizo.

La tatu, wajumbe wawili wa Chama wahudhurie msiba wa kila jirani wa mtaa tunaokaa, hata kama si kabila letu wala dini yetu. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya jeneza moja.

Na ubishi wa makaburi? Nauacha mikononi mwenu, wazee. Nasema tu kwamba Mshaka hakuacha kuwa Mshaka kwa sababu kaburi lake liko Mombasa. Wala atakayetaka kulala kwa baba zake bara asihesabiwe mgeni alipokuwa hai.

Nimemwandikia Baba mdogo barua ya jibu la swali lake juu ya Ngome. Mwishoni nimeongeza majina kumi na mawili, niliyoyaandika baada ya kupewa ruhusa ya kulitoa daftari mfukoni. Nimemwambia hayo ndiyo majina ya mwenye nyumba.

Aliyenitembeza aliniaga pale pale aliponipokea, barazani pake. “Sasa,” akasema, “ukipita hapa usijifanye hunijui.” Nimepita mara nyingi tangu siku hiyo, na sijapita bila kusimama.

Mimi, mtumishi wenu katika Chama,

Karani